Mtaa Wangu Uacheni

Tak.

Lilikuwa birika la umeme la Bi Beryl, likijizima upande wa pili wa ukuta. Nyumba za Mtaa wa Inkerman zimejengwa kwa safu, zimeshikana mabega kuanzia duka la pembeni hadi kwenye reli, na ukuta mmoja unatumikia familia mbili. Jirani akikohoa unajua amelalia ubavu gani. Leanne Ogden alikuwa macho gizani kitambo. Baada ya tak ile hufuata kijiko kikombeni, halafu redio kwa sauti ya chini. Vikafuata. Leanne akavuta blanketi hadi kidevuni na kujiambia, haya, mmoja wa watu wangu keshaamka.

Jana kata ya Moss Lane ilipiga kura. Leo Ijumaa kura zinahesabiwa, na jina la Leanne limo kwenye karatasi zile, juu kidogo ya jina la Graham Tattersall, mwenye duka la mazulia, diwani wa kata hii tangu Leanne akiwa bado anavaa sare ya shule. Yeye Leanne ni mpishi msaidizi katika shule ya msingi. Hakuwa na chama; alisimamishwa na kundi la wakazi waliokuwa wakikutana kwenye ukumbi wa kanisa, wakinywa chai na kununa.

Mlango ulisukumwa. Wilf aliingia akiburuta mto wake.

"Anjali?" akasema.

Hilo ndilo neno lake la asubuhi. Alikuwa na miaka minne, na maneno yake yalitoka moja moja, kila moja likisimama peke yake kama mgeni asiyemjua mtu sebuleni.

"Jumanne," Leanne akamjibu, kama alivyomjibu jana na juzi. "Jumanne tunaenda kwa Anjali."

Mtoto akaridhika, akapanda kitandani na kumwekea miguu ya baridi tumboni.

Anjali ni mwalimu wa usemi. Kila Jumanne hukaa sakafuni katika Nyumba ya Watoto ya Mtaa wa Mill, katikati ya watoto ambao maneno yamewachelewa, akiwa na kapu la vikorokoro, na anasubiri. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kusubiri. Anashika mpira mkononi na kumtazama mtoto mpaka mtoto autaje. Kabla ya Anjali, Wilf alikuwa hasemi kitu kabisa. Alikuwa akikushika mkono na kukupeleka mbele ya kitu anachokitaka, kama polisi. Neno lake la kwanza, "maji," alilisema pale sakafuni, na Leanne alilazimika kutoka nje akasimame kando ya mapipa ya taka mpaka uso wake utulie.

Sasa baraza la manispaa lilitaka kuliuza lile jengo. Uamuzi ungepigiwa kura mwezi Juni, na waliotaka kuuza waliwazidi wasiotaka kwa mkono mmoja tu. Tattersall alikuwa mmoja wa wale wa kuuza. Kiti chake kikienda kwa Leanne, ule mkono mmoja unahamia upande wa pili, na jengo linabaki. Basi. Hakuwa na mengine ya kuwaambia watu milangoni, na aliyasema hayo mwezi mzima, mvua ikimnyeshea shingoni.

Craig, mumewe, alikuwa na zamu ya asubuhi ghalani. Alimbusu utosini huku buti moja liko mguuni na jingine mkononi.

"Nikupigie saa ngapi?"

"Usipige. Nitakupigia mimi."

"Ukishinda nitakuita Mheshimiwa mpaka uchoke."

"Toa taka kwanza, halafu uniite unavyotaka."

Kulipopambazuka vizuri, Leanne alimpeleka Wilf mlango wa pili. Bi Beryl Hargreaves alifungua kabla hajabisha. Ana miaka themanini na kitu, goti lake moja halipandi kilima tena, nywele zake amezifunga fundo dogo kama kitunguu. Amemlea Wilf siku za zamu tangu mtoto akiwa wa kubebwa.

"Umekula?" akauliza.

"Nitakula huko."

"Huko utakula nini? Biskuti za serikali." Alimtia mkate uliopakwa siagi mkononi, umefungwa kwenye karatasi. Kisha akafungua mdomo kama ana neno, akaufunga. "Haya, nenda, mwanangu. Chai utaikuta."

Nyuma yake, jikoni, koti lake la bluu lilikuwa limetundikwa mgongoni mwa kiti, si kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Leanne aliliona kama unavyoona kitu kilichohamishwa, akaondoka.

*

Ukumbi wa michezo wa manispaa ya Calderwick ulinuka viatu vya mpira na kahawa ya mashine. Meza zilipangwa juu ya mistari ya uwanja wa mpira wa kikapu, na wahesabuji, wengi wao makarani wa ofisi za manispaa, walikaa upande mmoja wakizifungua karatasi na kuzilaza mafungu mafungu. Wagombea na mawakala wao husimama upande wa pili. Kutazama, ruhusa. Kugusa, hapana.

Wakala wa Leanne aliitwa Trevor Booth, dereva wa basi mstaafu, mtu mwenye tumbo la heshima na ua kubwa la utepe wa rangi ya machungwa kifuani, la wakazi. Leanne alikuwa na la kwake pia. Tangu asubuhi lilikuwa likimchoma pini, na hakulisogeza.

"Simama wima, Mheshimiwa mtarajiwa," Trevor akamwambia. "Unainama kama unatafuta hereni."

"Zinaonekanaje?"

"Za barabara ya juu ni zake. Za kwenye maghorofa ni zetu. Hizo nyingine zinanifanya nitake kwenda msalani."

Leanne alitazama mikono ya mhesabuji mmoja, mwanamke mwenye kucha za zambarau, ikipanga, ikipanga. Kila karatasi ni mtu aliyefunga mlango wake akatoka kwenye mvua. Alijua kwamba anapaswa kuona uchungu au furaha kila moja inapoangukia fungu hili au lile. Hakuona kitu. Alikuwa kama anayetazama mvua kupitia dirisha la nyumba ya mtu mwingine.

Zikaja zile karatasi zenye utata, na msimamizi wa uchaguzi, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, akawaita pande zote mbili wazione. Mtu mmoja alikuwa ameandika "hapana" mbele ya majina yote. Mwingine aliweka alama kwa Leanne na kuongeza pembeni: asante kwa pai. Wa tatu alichora uso unaocheka ndani ya kisanduku cha Tattersall.

"Mchoro umo ndani ya kisanduku kimoja tu, nia yake inaonekana," msimamizi akasema. "Hii ni ya Bwana Tattersall. Kuna pingamizi?"

"Hakuna," Trevor akasema. Kisha, chini chini, "Ila huyo hajawahi kununua zulia kwake."

Tattersall alisikia, akacheka puani. Alikuwa mtu mwembamba, macho yamemwingia ndani kwa usingizi. Hakuwa mtu mbaya. Leanne angefurahi angekuwa mbaya.

Baadaye kidogo mhesabuji wa kucha za zambarau alifunga bunda la mwisho kwa mpira, akaandika, akaenda kunong'ona na msimamizi. Msimamizi akanong'ona na mtu mwingine. Kisha akawaita wagombea wawili kando, karibu na ngazi za mazoezi zilizoegemezwa ukutani.

"Mko sawa," akasema.

"Sawa vipi?" Tattersall akauliza.

"Sawa sawa. Mia nane arobaini na mbili, kila mmoja."

Trevor alishusha pumzi kama breki za basi. "Miaka yote ile barabarani," akasema, "sijaona abiria wawili wakiuziwa kiti kimoja."

Wakaomba zihesabiwe upya. Mikono ikafungua mabunda, ikapanga, ikapanga. Leanne alikwenda kusimama karibu na mlango wa bwawa la kuogelea, na hapo, bila kuitwa, jana jioni ikamrudia.

Siku ya kura, jioni, kila kundi huwa na kazi moja ya mwisho: kuwagongea milango wale walioahidi lakini hawajaonekana kituoni, kuwakumbusha, na aliye mnyonge wa miguu kumpakia kwenye gari. Trevor alikuwa na habari zake kutoka kwa binti aliyekaa nje ya kituo akiwaandika waliopiga. "Inkerman kuna wawili watatu hawajapita," alisema. "Tuanzie kwako?" Na Leanne akasema, "Mtaa wangu uacheni. Hao ni wangu. Nimeshawagongea mara mbili mwezi huu. Nikiwaendea tena wataniona kama mdai. Twendeni juu kwenye maghorofa." Walipopita Inkerman wakikimbilia huko, alimwona Bi Beryl dirishani, kavaa koti lake la bluu. Akafikiri, kesharudi kutoka kupiga kura. Akampungia mkono. Bi Beryl naye akapunga.

"Leanne." Trevor alikuwa amemshika kiwiko. "Njoo."

Hesabu ilikuwa ile ile.

Kura zikifungana namna hii, sheria haiwarudishi watu kituoni. Inapigwa bahati nasibu, na anayeangukiwa anaongezewa kura moja, mambo yamekwisha. Msimamizi aliandika jina la kila mmoja kwenye karatasi yake, akawaonyesha, akazikunja sawasawa na kuzitupa ndani ya sanduku tupu la kura. Mtu alilitikisa. Lilikuwa na sauti ndogo, kama jino la mtoto ndani ya kiberiti. Watu wa meza nyingine waliacha kazi wakanyoosha shingo. Msimamizi alivua miwani, akageuza uso kando, akatumbukiza mkono.

Leanne alikitazama kipande cha karatasi kikifunguliwa. Aliweza kuona, hata kwa mbali, kwamba jina lilikuwa refu.

"Tattersall," msimamizi akasoma.

Hakuna aliyeshangilia. Mke wa Tattersall alimshika mumewe mkono, wote wawili wakabaki wamesimama kama watu waliosahau walichokuja kununua.

Msimamizi alipanda jukwaani, akatangaza: Ogden, mia nane arobaini na mbili, Tattersall, mia nane arobaini na tatu. Leanne alisikia namba yake ikisemwa kwa kipaza sauti, ikazunguka kwenye paa la bati na kurudi. Kisha ikawa zamu yake ya kusema, kwa kuwa ndiyo desturi, aliyeshindwa hushukuru. Akawashukuru wahesabuji. Akamshukuru msimamizi na wafanyakazi wake, na askari wawili waliosimama mlangoni, na Trevor. Sauti ilitoka vizuri tu. Ilikuwa sauti anayoitumia kuwaambia watoto wa shule kwamba keki zimekwisha.

Tattersall alimpa mkono. "Ungeangukiwa wewe, nisingekuwa na la kusema," akamwambia. "Miguu inaniua. Yako?"

"Siisikii," Leanne akasema, na ilikuwa kweli.

"Kuhusu lile jengo," akaanza.

"Mwezi wa Juni, Bwana Tattersall. Leo hapana."

Alimpigia Craig simu akiwa kwenye gari la Trevor. Alimwambia kwa maneno machache. Nyuma ya Craig mashine za ghalani zilikuwa zikilia. "Kwa karatasi kwenye sanduku?" akauliza. "Ndiyo." "Nakuja mapema," akasema. "Nitaomba ruhusa." Hakumwita Mheshimiwa.

"Mwakani kuna kiti kingine cha kata hii," Trevor akasema, macho barabarani.

"Jengo halina mwakani, Trevor."

"Hilo nalo najua." Aliendesha polepole, kama bado ana abiria waliosimama. "Lakini wewe unayo, binti yangu. Nami nipo, sina pa kwenda."

*

Jikoni kwa Bi Beryl kulikuwa na harufu ya mkate uliochomwa. Wilf alikaa mezani na bati la vifungo, akivipanga kwa rangi. Hakuinua kichwa; alisogea kidogo tu kwenye kiti, akimwachia mama yake nafasi ambayo hata paka asingetosha.

Bi Beryl alimtazama Leanne usoni.

"Basi," akasema.

"Ndiyo. Basi."

"Kaa, mwanangu."

Akamimina chai. Leanne akakishika kikombe kwa mikono miwili na kuona kwamba hajui kama ni cha moto. Redio ilikuwa imezimwa. Bi Beryl aliketi kwa kushikilia meza, goti kwanza, halafu mwili, na mkono wake ukaenda kwenye koti lililokuwa mgongoni mwa kiti, ukalipapasa kola.

"Nina neno," akasema. "Asubuhi limenishinda. Nisipolisema litanikaa kooni."

"Sema, Bi Beryl."

"Mimi jana sikupiga."

Leanne alikiweka kikombe mezani.

"Tangu mume wangu Ken afariki, kile kilima sikiwezi peke yangu. Kila uchaguzi watu wa Tattersall hunipitia na gari. Kijana mmoja mstaarabu sana, ananifungia mpaka mkanda. Jana wakaja. Sasa niambie, nitapandaje gari la mtu, nikae kwenye kiti chake, halafu nishuke nikampigie mwingine? Si adabu. Nikawaambia, asanteni, mwaka huu nitapelekwa na watu wa Leanne. Nikavaa koti. Kadi yangu ya basi, ile yenye picha, nikaitia mfukoni, maana siku hizi bila picha wanakurudisha. Nikakaa dirishani."

"Ulinipungia."

"Wewe ulinipungia kwanza."

"Ungegonga kioo tu."

"Ulikuwa na watu, unakimbia. Ungesimama, ungechelewa kwa ajili ya kikongwe mmoja. Sikutaka kukusumbua." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Nikasema watakuja tu. Nikakaa nalo mpaka kituo kikafungwa. Hata kulivua niliona kama nakuvunjia ahadi."

Nje, treni ilipita, na vikombe kwenye kabati vikalia kidogo, kama vinavyolia kila mara. Leanne alisikia maneno yake mwenyewe, kwa sauti ile ya furaha ya jana: mtaa wangu uacheni, hao ni wangu. Hakutaka kumsumbua Bi Beryl. Bi Beryl hakutaka kumsumbua yeye. Walikuwa wametenganishwa na kioo kimoja, wakipungiana. Kura moja, na lile sanduku lisingetikiswa.

"Hebu niambie ukweli," Bi Beryl akasema. "Kura yangu ingesaidia kitu?"

Mkono wake ulikuwa bado kwenye kola ya koti. Leanne aliutazama, mishipa yake ya bluu, pete iliyolegea ikazuiliwa na fundo la kidole. Mkono huo ulimwogesha Wilf wiki nzima aliyolazwa Leanne na homa.

"Hapana, Bi Beryl," akasema. "Aliniacha mbali."

"Kweli?"

"Mbali sana. Ungepanda kile kilima bure, na goti lako hilo."

Bi Beryl alishusha mabega. "Afadhali," akasema, kisha akajisahihisha haraka, "si afadhali kwamba umeshindwa, mwanangu, sina maana hiyo."

"Najua."

Jumatano gazeti la mji lingekuja, na Bi Beryl hulisoma lote, hadi matangazo ya vifo. Leanne alijua hivyo. Hadi Jumatano, basi, alale. Kabla ya hapo yeye mwenyewe angekuja, angekaa kwenye kiti hiki hiki na kumwambia, na wangeona la kufanya. Leo hakuwa na pa kuyatolea.

Bi Beryl aliinuka, akalichukua koti, akalipeleka polepole kwenye msumari wake nyuma ya mlango na kulitundika. Alilinyoosha mikono, mmoja mmoja, kama anamtayarisha mtoto kwenda shule.

Wilf alimaliza safu ya vifungo vyekundu. Akamtazama mama yake.

"Anjali?" akasema.

Leanne alifungua mdomo. Jibu alilijua, amelisema kila siku ya Mungu, akipika, akifua, akiwa nusu usingizini. Halikuja. Alifikiria mwezi Juni, mikono ikiinuka ukumbini mmoja baada ya mwingine, kapu la vikorokoro likibebwa kupelekwa kwenye gari, na mdomo wake ukabaki wazi bila kitu ndani.

Mtoto alisubiri. Alikuwa amefundishwa kusubiri na mtu anayejua. Aliutazama mdomo wa mama yake kwa makini, bila haraka, jinsi Anjali anavyoutazama wa kwake, kifungo kimoja cheupe kikiwa kimeinuliwa kati yao. Bi Beryl, mlangoni, mkono wake kwenye koti, hakusogea.

Kisha Wilf akakiweka kifungo mezani, taratibu, mwanzoni mwa safu mpya, akasema mwenyewe, neno kwa neno, mpaka mwisho:

"Jumanne tunaenda kwa Anjali."